Mtoto Aliyeombwa Verb Akatoa Rula

Kiingereza mimi nakijua. Nakijua sana. Hapa mtaani Kaptembwo, Nakuru, ukitafuta mama mzee wa kuongea na mzungu, uliza Milcah. Kuna siku mzungu alinisalimu kule sokoni. Nikamjibu kwa Kiingereza safi, naye akanielewa mara moja. Nilimwambia, "Bye-bye."

Basi hapo ndipo Kiingereza changu kinapoishia. Shule niliacha darasa la sita. Lakini kwa hasira nimefika chuo kikuu, na haya ninayowaambia yalinipandisha hasira kweli kweli.

Ninaishi na mwanangu Masinde, mke wake Celestine, na mtoto wao Trizah. Masinde ni fundi wa magari. Celestine anauza sukuma wiki na nyanya mbele ya ploti yetu. Trizah yuko gredi ya nne katika shule moja ya kulipia, ile ya geti la kijani. Mimi kazi yangu ni kuota jua, kuchambua maharagwe na kusikiliza mambo ya watu. Hiyo ya mwisho sijawahi kuikosa hata nikiwa mgonjwa.

Jioni nyumba yetu ilikuwa kelele tupu. Celestine anakata sukuma. Masinde ananawa grisi kwenye karai. Trizah naye anaanza kutangaza habari kabla hajafika mlangoni. Nani amemwaga uji. Nani amepigana. Mwalimu gani amekuja na soksi za rangi mbili. Hatukuhitaji redio. Redio yetu ilikuwa inavaa sare ya shule.

Siku moja redio ilizima.

Trizah aliingia pole pole, akaketi kwenye kigoda karibu na mimi. Alichukua maharagwe akaanza kuchambua bila kuambiwa. Nikajua kuna jambo. Mtoto huyu kazi haifanyi bila kuitwa mara nyingi.

"Kukhu," aliniita. Kukhu ni bibi, mama ya baba, kwa Kibukusu, lugha yetu ya nyumbani. "Madawati ya gredi ya tatu si ni madogo?"

"Nitajuaje? Kwani nasoma huko?"

"Magoti yangu yataingia?"

"Kwa nini magoti yako yaingie dawati la gredi ya tatu?"

Akaangalia maharagwe. "Mwalimu amesema narudishwa."

Masinde alifika muda si mrefu. Uso wake ulikuwa umekunjamana. Alikuwa ametoka shuleni. Mwalimu wa Kiingereza, Bwana Muiruri, alikuwa amempigia simu aende.

"Mama, ni kweli," alisema. "Mwalimu anasema Trizah ni slow. Kichwa kizito. Anaulizwa swali anatoa macho tu. Mwezi ukiisha wanamrudisha gredi ya tatu."

"Slow?" nilisema. "Huyu? Huyu ambaye jana alibishana na mimi mpaka nikajifanya nimelala?"

"Ni Kiingereza, Mama. Kiingereza kimemshinda."

"Na mwalimu amefanya nini?"

"Mwalimu anasema makosa ni yetu. Eti tunaongea Kiswahili sana nyumbani."

Celestine akaweka kisu chini. "Sasa alitaka tuongee nini? Kichina?"

Masinde hakucheka. Alitoa kitu mfukoni. Kilikuwa kifuniko cha mkebe wa rangi. Alikuwa amekitoboa na kukifunga kamba ya kiatu.

"Shuleni wako na diski," alisema. "Mtoto akiongea Kiswahili anavaa diski shingoni. Anakaa nayo mpaka amsikie mwingine akiongea Kiswahili, anampa. Wa mwisho kuwa nayo anafagia darasa. Hiyo ndiyo dawa. Kuanzia leo hapa nyumbani ni Kiingereza peke yake. Mtu akikosea, anavaa hii."

"Masinde," nilimwambia, "umerogwa na nani?"

Akanivalisha hapo hapo.

Diski naijua. Hata sisi tulivaa, zamani, kipande cha mbao chenye kunuka jasho la watoto wa miaka mingi. Nilidhani kitu hicho kilizikwa na watu waliokianzisha. Kumbe kiko hai, kinapigiwa simu na kuletwa mpaka nyumbani kwangu, na mtoto niliyemzaa mimi.

Chakula cha jioni kilikuwa ugali, sukuma na omena, wale samaki wadogo, kwa supu yao. Tulikaa mezani kama watu waliofiwa. Masinde alinyoosha kidole.

"Celestine. Give me the... the..."

Celestine alimpa chumvi.

"No. The... the other."

Akampa maji.

"Not water! The... that one of fish!"

Celestine alimpa kitambaa cha kupangusa meza. Nadhani hilo alilifanya makusudi. Masinde alikula ugali mkavu siku hiyo. Alikuwa fundi aliyekosa jina la supu.

Trizah hakusema kitu. Alikula macho yakiwa kwenye sahani. Hapo ndipo nilipokasirika vizuri. Tulitaka mtoto aongee Kiingereza. Sasa haongei Kiingereza, wala Kiswahili, wala chochote. Tumemnyang'anya kile alichokuwa nacho na hatujampa kingine.

Tuliishi hivyo siku kadhaa. Wateja wa Celestine walishangaa. Mtu akiuliza bei ya nyanya, Celestine anaonyesha kwa vidole. Mimi kile kifuniko nilikuwa nacho karibu kila wakati. Nilikataa kunyamaza katika nyumba ya mtoto wangu. Nikisikia mtu anagonga mlango nasema "karibu," basi navaa. Nikijikwaa nasema "mama yangu," navaa tena.

Jumamosi jirani yetu alikuja kuazima jiko. Jina lake ni Chepkemei. Ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa mtaa wa Section 58, na amekodi nyumba ya mwisho katika ploti yetu. Mwalimu Chepkemei haongei kwa kupamba. Kama umevaa vibaya atakwambia umevaa vibaya, kisha akusaidie kurekebisha kola.

Alisimama mlangoni akatuangalia. Celestine kimya. Trizah kimya. Mimi na kifuniko shingoni.

"Poleni," alisema kwa sauti ndogo. "Ni nani amefariki?"

"Hakuna," nilisema.

"Na hicho kifuniko shingoni? Mama Masinde, mbona umekaa kama ng'ombe aliyeshinda kwenye show ya kilimo ya Nakuru?"

Nilimweleza yote. Nilimweleza kwa Kiswahili na Masinde hakuwepo. Mwalimu Chepkemei alisikiliza. Nilipofika kwa habari ya kurudishwa darasa, alisahau jiko alilokuja kuazima, akaketi.

"Trizah, kuja hapa mrembo," alisema. "Niambie. Ni nini kilitokea darasani mpaka mwalimu akasema wewe ni slow?"

Trizah aliniangalia shingoni.

"Ongea tu," nilimwambia. "Kifuniko nitavaa mimi. Nimekizoea, hata kinanipendeza."

Trizah alivuta pumzi. "Mwalimu alisimama mbele yangu akasema, 'Trizah, give me a verb.' Mimi sikujua verb ni kitu gani. Nikaangalia kwa dawati. Kulikuwa na kalamu, kifutio na rula. Nikampa rula."

"Ukampa rula," Mwalimu Chepkemei alirudia.

"Darasa lote likacheka. Akasema nimpe verb, si rula. Nikampa kifutio."

Mtanisamehe, nilicheka. Kisha niliona machozi ya mtoto yanaanguka kwenye gauni, nikamfuta kwa leso yangu.

"Kwa nini hukumuuliza verb ni nini?" Mwalimu Chepkemei aliuliza.

"Kuuliza kwa Kiswahili ni diski. Na kuuliza kwa Kiingereza sijui nitaulizaje. Nilijaribu kwa Kiswahili mara moja, mwanzo wa muhula. Nikavaa diski. Nikafagia. Watoto wakaniita Madam Ufagio. Sasa nikiulizwa nanyamaza tu."

Mwalimu Chepkemei alimuuliza Trizah kwa Kiingereza amefanya nini asubuhi: "Trizah, what did you do this morning?"

"I wake up. I wash my face. I eat mandazi. I carry water. I help my mother," Trizah alijibu, bila kusita.

"Mnasikia?" Mwalimu Chepkemei alisema. "Huyu ndiye Kiingereza kimemshinda? Ana makosa madogo, ndiyo, kila anayejifunza huwa nayo. Lakini amenielewa na amenijibu. Sasa ngoja. Trizah, kwa Kiswahili mmesoma kitenzi?"

"Ndiyo. Kwa Mwalimu Makhanu. Kiswahili napata vizuri."

"'Mama anauza nyanya.' Kitenzi ni gani?"

"Anauza!" Trizah alijibu kabla sentensi haijapoa.

"Kitenzi ni nini?"

"Ni neno la kuonyesha kitendo. Kuuza, kukimbia, kupika, kulala."

"Sawa. Sasa sikiliza. Kitenzi kwa Kiingereza ndiyo verb. Ni kitu kile kile. Run ni verb. Eat ni verb. Wash, carry, help. Umenipa verb nyingi sasa hivi na hukujua."

Trizah alimwangalia. Nilidhani atafurahi. Lakini uso wake ulibadilika, ukawa uso wangu kabisa, uso wa hasira.

"Ni hiyo tu?" aliuliza.

"Ni hiyo tu."

"Ni hiyo tu! Na nimefagia darasa! Na nimeitwa Madam Ufagio! Na wananirudisha! Kwa sababu ya kitenzi? Mimi kitenzi nakijua!"

"Haki ya nani," Celestine alisema. Alikuwa amesahau nyanya zake nje.

"Mama Trizah," Mwalimu Chepkemei alisema, "mtoto wako anajua maneno ya Kiingereza. Kile hajui ni majina ya kazi. Kila somo lina majina yake ya kazi. Mwalimu anasema noun, verb, adjective, plural, opposite. Mtoto akikosa kujua hayo majina, haelewi hata anaagizwa afanye nini. Si kwamba hajui jibu. Hajui swali."

"Na kwa nini hawakumwambia?" niliuliza.

"Labda walimwambia mara moja, haraka haraka, kwa Kiingereza kigumu. Halafu wakamkataza kuuliza."

Nilivua kile kifuniko nikakitupa kwenye ndoo ya maganda. Yaani mtoto anaambiwa: ukitaka kuelewa Kiingereza, uliza, lakini ukitaka kuuliza, kwanza uelewe Kiingereza! Mtu amekufungia nje ya nyumba, anakuchungulia dirishani na kukuuliza mbona huingii. Halafu anakuita mjinga.

Wakati huo Masinde aliingia. Alisikia sauti zetu tangu nje.

"Who is speaking Kiswahili?" aliuliza kwa ukali.

"Mimi hapa, Baba Trizah," Mwalimu Chepkemei alijibu. "Nivae nini?"

Masinde aliona haya. Mwalimu si mtu wa kuvalishwa kifuniko cha rangi.

"Mwalimu, mimi natafuta tu njia ya kusaidia mtoto," alisema.

"Najua. Hebu nikuulize kitu cha kazi yako. Mtu mgeni kabisa amekuja kujifunza ufundi. Unamwambia, 'Leta jeki.' Anakuletea nyundo. Utafanya nini?"

"Nitamwonyesha jeki. Nitamwambia hii ndiyo jeki, kazi yake ni kuinua gari."

"Utamwambia kwa lugha gani?"

"Yoyote anaelewa. Kama ni Kibukusu, Kibukusu. Gari iko juu ya mawe, nitangoja asome Kiingereza?"

"Hutamwambia ni slow?"

"Hapana. Bado hajajua majina ya vifaa tu."

Mwalimu Chepkemei alikunja mikono. Masinde alimwangalia, akaniangalia mimi, akamwangalia Trizah. Kisha alikaa kitandani kama mtu aliyekatwa kamba.

"Verb ni jeki," alisema.

"Verb ni jeki, baba," Trizah alimwambia. "Na mimi nilimpa mwalimu nyundo."

Jioni hiyo tuliongea mpaka koo zikatuuma. Kiswahili, Kibukusu, na Kiingereza kidogo cha kukoleza. Masinde alipata supu yake.

Kuanzia hapo Mwalimu Chepkemei alikuja kwetu kila siku baada ya kazi. Alitufundisha wote, maana nyumba ni ndogo na masikio yangu ni makubwa. Hakuleta kitabu. Alitumia vitu vilivyokuwa mbele yetu.

"Nomino kwa Kiingereza ni noun," alisema. "Jina la mtu, mnyama, kitu au mahali. Trizah, nipe noun za hapa ndani."

"Table. Cup. Tomato. Kukhu."

"Kukhu ni noun?" niliuliza.

"Wewe ni mtu, Kukhu. Jina la mtu ni noun."

"Nimeishi miaka yote hii bila kuambiwa."

"Kivumishi ni adjective," mwalimu aliendelea. "Neno la kutoa sifa. Mkubwa, mdogo, mzuri, chafu. Big, small, good, dirty. Trizah, mpe Kukhu adjective."

"Old," Trizah alisema.

"Toa hiyo, weka nyingine," nilimwambia.

"Beautiful."

"Hiyo iandikwe kwa ukuta."

Tulijifunza kwamba kinyume ni opposite. Kinyume cha hot ni cold. Kinyume cha early ni late, na mfano wake ni Masinde siku ya kanisa. Tulijifunza kwamba umoja ni singular na wingi ni plural. Nyanya moja ni tomato, nyingi ni tomatoes. Celestine alianza kuwauliza wateja wake, "Unataka singular ama plural?" Mmoja alidhani ni aina mpya ya mbegu kutoka mashamba ya Kabazi.

Jambo kubwa zaidi Mwalimu Chepkemei aliliweka mwisho. Alimfundisha Trizah sentensi moja ya kubeba kila mahali: "Teacher, I don't understand that word. What does it mean?" Maana yake: Mwalimu, sielewi neno hilo, lina maana gani? Trizah aliirudia akichota maji, akisuka nywele, akienda dukani. Hata mimi naijua. Nimeitumia kwa mhubiri.

Mwezi ulikuwa unaelekea kuisha. Mwalimu Chepkemei alituambia, "Msingoje waite. Nendeni nyinyi. Mwombeni mwalimu mkuu ampime mtoto tena mbele yenu. Sheria haipendi mtoto arudishwe nyuma ovyo ovyo. Lakini msiende kupigana."

Wakati akisema hivyo aliniangalia mimi.

Tulienda Jumatatu asubuhi, mimi, Masinde na Trizah. Nilifunga kichwani kitambaa changu cha kanisa. Mwalimu mkuu ni Madam Jepkorir, mama mwenye sauti ya chini na macho yasiyokimbia. Alitusikiliza. Kisha alimwita Mwalimu Muiruri. Ni kijana mwenye tai nyembamba. Kiingereza chake kinapitia puani.

"Madam, this child cannot," alisema. "Tumejaribu kila kitu."

"Basi hutachukia tukijaribu tena," Madam Jepkorir alimwambia. "Muulize hapa."

Mwalimu Muiruri alikohoa. "Trizah, give me a verb."

Niliona mkono wa mtoto unasogea kuelekea mezani, ambako kulikuwa na rula. Kumbe alikuwa anashika tu ukingo wa meza.

"Jump," alisema. "Sing. Sweep."

Hiyo sweep aliisema akimwangalia usoni. Kufagia. Damu yangu hiyo.

"Adjective?"

"Tall. Lazy. Beautiful."

"The opposite of difficult?"

"Easy."

Mwalimu Muiruri aligeuka rangi. Alitafuta swali la mbali zaidi. "Give me a preposition."

Hilo hatukuwa tumelisoma. Masinde alinishika mkono. Trizah aliinua mkono juu.

"Teacher, I don't understand that word. What does it mean?"

Sidhani kuna mtoto aliyewahi kumuuliza Mwalimu Muiruri hivyo. Alianza kueleza kwa Kiingereza kirefu, chenye kona nyingi. Nilimwona Trizah anapotea tena.

"Ni kihusishi," Madam Jepkorir alisema kwa utulivu.

"Ah! Ya kuonyesha mahali!" Trizah alisema. "On the table. Under the chair. In the bucket."

Sikuweza kukaa tena. Nilisimama.

"Madam," nilisema, "mimi ni mtu wa darasa la sita. Lakini nauliza. Mtoto huyu alikuwa na haya yote kichwani. Alifunzwa na Mwalimu Makhanu hapa hapa shuleni kwenu. Neno moja tu la Kiswahili lingemfungulia. Mbona alivalishwa diski shingoni kwa kuliomba? Mnamlipisha baba yake afundishwe, halafu kuuliza ni kosa? Na kama ni mjukuu wangu tu, sawa, nitanyamaza. Lakini ni yeye tu?"

Mwalimu mkuu alisimama, akatuongoza mpaka darasa la gredi ya nne. Watoto walisimama kutusalimu.

"Anayejua adjective ni nini, ainue mkono," alisema.

Mikono mitatu iliinuka, mmoja ukashuka tena.

"Anayejua kivumishi ni nini, ainue mkono."

Darasa likawa shamba la mahindi. Mikono kila mahali. Wengine walisimama juu ya madawati. Mtoto mmoja jina lake Travis alikuwa na ile diski, kipande cha mbao, shingoni, naye aliinua mikono yote miwili.

Madam Jepkorir alimwendea Travis. Aliitoa ile mbao kwa upole, akaiweka kwenye mfuko wa koti lake. Hakupiga kelele.

"Mwalimu Muiruri," alisema, "hakuna mtoto anayerudi gredi ya tatu. Na kuanzia leo mtoto anaruhusiwa kuuliza maana ya neno kwa lugha aliyo nayo. Kiingereza watazidi kukiongea, ndiyo kazi yetu. Lakini kuuliza si kosa tena katika shule hii."

Wiki hiyo waliweka karatasi kubwa ukutani. Upande mmoja noun, upande wa pili nomino. Verb, kitenzi. Adjective, kivumishi. Mwalimu Makhanu ndiye aliyeiandika, kwa herufi kubwa ambazo hata mimi niliziona kutoka mlangoni. Trizah alibaki gredi ya nne, dawati lake, magoti yake. Redio yetu ilirudi hewani, na sasa inatangaza kwa lugha mbili.

Shule ilipofunga, wazazi waliitwa. Ukumbi ulijaa. Madam Jepkorir alisema gredi ya nne imefanya vizuri zaidi katika Kiingereza kuliko muhula uliopita, na Trizah ametajwa kati ya waliopanda zaidi. Tulipiga makofi. Celestine alipiga vigelegele mpaka mtoto wa mtu akaamka.

Kisha Mwalimu Muiruri alisimama bila kuitwa. Alinyoosha tai.

"Wazazi wapendwa," alisema, "ushindi huu haukuja hivi hivi. Ni kujitolea. Huyu msichana Trizah, kwa mfano. Niliona mapema ana kipaji. Niliacha kula. Kila siku saa ya lunch nilikaa naye mimi mwenyewe, yeye na mimi, nikimweleza maneno haya moja moja kwa Kiswahili."

Nilianza kuinuka. Masinde alinivuta sketi. Lakini kulikuwa na mtu aliyenitangulia. Alikuwa Wachuka, mama yake Travis. Ana kibanda cha chapati na maharagwe ng'ambo ya geti la shule.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Saa ya lunch?"

"Saa ya lunch, mama."

"Kila siku?"

"Kila siku bila kukosa. Uliza mtu yeyote."

"Nauliza wewe," Wachuka alisema. "Sasa yule anakulanga chapati kwangu saa ya lunch, anacheza drafti na watu wa bodaboda mpaka kengele ilie, na akishindwa anasema bodi iko mteremko, ni nani? Uko na pacha?"

Ukumbi uliangua kicheko. Watu wa nyuma walisimama ili waone vizuri. Mwalimu Muiruri aliangalia dari, akaangalia viatu vyake, akaangalia mlango.

Madam Jepkorir alimgeukia. "Mwalimu, mzazi ameuliza. Tunangoja jibu."

Mwalimu Muiruri alifungua mdomo. Kiingereza kilikataa kutoka. Akajaribu Kiswahili. Nacho kikakataa.